Mji Uliopanda Kilimani

Jumatano, 9 Februari 1803

Kaka yangu Jotham ameniagiza niweke kumbukumbu. Anasema mji wowote wenye heshima una daftari la siku zake za mwanzo, na mwandiko wake yeye ukilala usiku mmoja tu, asubuhi hata mwenyewe hausomi. Niandike hali ya hewa, kazi zilizofanyika na mambo ya maana.

Basi: baridi kali, upepo wa kaskazini. Mji unaitwa Efeso. Una nyumba nne za magogo, ng'ombe watatu, watu kumi na tisa, na ramani yenye viwanja sitini na barabara sita. Barabara zote sita bado ni miti.

Alhamisi, 10 Februari

Baridi. Wanaume wamekata miti.

Jumamosi, 12 Februari

Leo niliwapelekea uji wapima viwanja, yaani Jotham na Enos Pell. Jotham anashika dira, Enos anaburuta mnyororo wa kupimia na kulalamika. Walikuwa wanapigilia vigingi kando ya mto, mahali pazuri sana, tambarare kama meza, udongo mweusi unaoingia mkononi kama siagi.

"Hapa kanisa," Jotham akasema. "Pale soko. Kule shule."

"Na mimi nimesimama wapi, Kapteni?" Enos akamwuliza.

"Umesimama katikati ya Barabara Kuu."

"Basi nisogee, nisije nikagongwa na gari."

Watu wote humwita kaka yangu Kapteni, kwa sababu ya vita vya zamani. Anajua kucheka, lakini leo hakucheka.

Jumatatu, 14 Februari

Mzee Barzillai Coe, seremala wetu, amemaliza mlango wa saba. Nyumba ni nne. Nilimwuliza sababu. Masikio yake ni mazito, ikabidi niulize mara mbili.

"Nyumba zitakuja zikitafuta milango," akanijibu, na kuendelea kuparuza ubao.

Alhamisi, 17 Februari

Kuna jambo nimeliona, nalo halinitoki kichwani. Nyuma ya nyumba yetu kuna mti mkubwa wenye gome jeupe. Juu yake, mahali nisipofika hata nikisimama juu ya pipa, pamenasa fungu la nyasi kavu, vijiti, na kipande cha kasia.

Nilimwita Enos aone.

"Ndege huyo, dada Keziah," akasema, "alikuwa anakuja kwake kwa mtumbwi."

Nilimwuliza Jotham wakati wa chakula. Akasema ni upepo. Upepo gani huo unaobeba kasia?

Jumapili, 20 Februari

Jotham alitusomea Maandiko. Alasiri ulionekana moshi juu ya kilima, mashariki. Jotham anasema ni Walenape, wenyeji wa asili wa nchi hii. Huja kila mwaka kugema miti ya sukari, na mkataba unawaruhusu kuwinda na kupita. Wako wanane.

Jumanne, 22 Februari

Nimepanda kilimani. Sikumwomba mtu ruhusa. Nina miaka arobaini na moja na mume nilishamzika.

Nilimkuta mwanamke wa umri wangu au zaidi kidogo, anakoroga sufuria kubwa ya maji ya mti. Anaitwa Benigna. Alibatizwa na wamisionari Wamoravia, katika kijiji chao kilicho mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Anasema lugha yetu polepole lakini sawasawa. Alinipa sukari ya moto juu ya theluji, ikaganda ulimini. Sijaonja kitu kama hicho tangu nizaliwe.

Nilimwuliza mti unatobolewa kina gani, maji yanachemka muda gani, hori za kukingia zinachongwa kwa mti upi. Alijibu yote. Mwishowe akaweka mwiko chini.

"Wewe kwenu wanakuitaje?"

"Keziah."

"Mimi nitakuita Mama Maswali."

Jumatano, 2 Machi

Theluji inayeyuka. Wanaume wamesimamisha nguzo ya kwanza ya kanisa.

Ijumaa, 4 Machi

Nimerudi kilimani na mkate. Njiani niliwapita wapwa wa Benigna wawili, wamebeba maji kutoka mtoni. Ule mpando unakata pumzi, nao wanaupanda mara nne kwa siku. Na huku kwetu chini kuna nafasi tele, na maji yako mlangoni.

Nikamwuliza, kwa nini mnakaa mbali na maji namna hii?

Alicheka hadi akajifuta macho. "Kule mlikojenga ni nyumbani kwa mto, Mama Maswali. Ametoka kidogo tu."

"Atarudi lini?"

"Hasemi."

"Mara ya mwisho alirudi lini?"

Alihesabu kwa vidole. "Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza. Sasa angekuwa na miaka ishirini na miwili."

Nilimwuliza mwanawe alikufa kwa ugonjwa gani. Ulimi wangu huu.

"Si ugonjwa," akasema. "Wanamgambo wa watu weupe. Alikuwa bado ananyonya."

Akaongeza kuni. Nilishuka bila kuuliza tena kitu.

Jumamosi, 5 Machi

Nimemweleza Jotham habari ya mto. Alinisikiliza, hilo silikatai. Kisha akatoa barua aliyokuwa anaiandika. Familia kumi na moja zinaondoka Connecticut, kule tulikotoka sisi, mwezi ujao, na mkewe Submit na watoto wao wamo. Kila familia amekwisha kuigawia kiwanja, na kila moja ameiahidi kwamba itauona mto kutoka dirishani.

"Watu hawa wameuza mashamba yao ya mawe kwa neno langu, Kezi. Niwaandikie nini? Kwamba dada yangu kaongea na mwanamke wa kilimani?"

Nikamwambia, ndiyo, andika hivyo hivyo.

Jumapili, 6 Machi

Mvua.

Jumatatu, 7 Machi

Mvua. Nimesimamisha fimbo ukingoni na kuichonga alama. Nataka kujua mto unapanda kiasi gani.

Jumatano, 9 Machi

Jua. Mto umeshuka alama mbili. Enos akaniamkia, "Shikamoo, daktari wa mto. Mgonjwa kaamkaje?"

Jumatatu, 14 Machi

Mvua tangu Ijumaa. Alama tano juu. Dorcas, mke wa Enos, ana miguu iliyovimba. Namkadiria atajifungua katikati ya Aprili. Mimi ndiye mkunga wa Efeso. Hakuna mwingine.

Alhamisi, 17 Machi

*Nimesoma kurasa zilizotangulia. Dada yangu anaandika mengi yasiyo ya mji. Fimbo si habari. Aandike kazi zilizofanyika. J.A.*

Ijumaa, 18 Machi

Kazi iliyofanyika: Kapteni Averill amesoma daftari la watu. Mvua. Alama saba.

Jumapili, 27 Machi

Benigna ameshuka kuniaga. Wanarudi kijijini kwao kwa ajili ya Pasaka. Sukari wamebeba, lakini sufuria kubwa na hori wameziacha kwenye kibanda chao cha gome, watazifuata mvua zikikatika. Alisimama karibu na fimbo yangu, akautazama mto muda mrefu. Maji yalikuwa na rangi ya chai na povu la manjano.

"Ukisikia mawe yanagongana chini ya maji," akasema, "usirudi ndani kuchukua kitu."

Jotham alipita na mnyororo begani. Hakumsalimu. Kaka yangu si mkorofi. Nadhani aliogopa atasimama, na akisimama atauliza.

Jumatano, 30 Machi

Mvua. Fimbo imechukuliwa na maji.

Ijumaa, 1 Aprili

Nimempeleka Dorcas kilimani. Nilimwambia Enos kwamba tumbo limeshuka na mama mjamzito hapaswi kulala penye unyevu. La tumbo ni kweli. La unyevu nililiongeza mwenyewe. Tumekaa kwenye kibanda cha Benigna, tuna mablanketi, nyama ya chumvi na magunia mawili ya mbegu za mahindi niliyoyavuta kwa ng'ombe.

Jotham alitufuata hadi nusu ya kilima, amelowa chapachapa.

"Unanivunjia mji, Kezi. Ukimwondoa mmoja, kesho wote watapanda."

"Ndiyo maana nimeanza na mmoja."

"Watu wanaishi mahali wakiona kiongozi wao anaishi pale. Mimi sitoki."

"Basi kaa, kaka. Lakini usimfunge mtu mwingine kwa ushupavu wako."

Hatujawahi kusemezana hivyo tangu utoto. Alirudi chini. Nilimtazama mgongo mpaka mvua ikamficha.

Jumanne, 5 Aprili

Mikono yangu sasa inaweza kushika kalamu. Naandika kwa mpangilio, nisije nikasahau.

Jumamosi adhuhuri nilisikia ngurumo, nikadhani ni radi. Nilipotoka kibandani nikaelewa kwamba ni mawe, yanaviringika ndani ya mto. Niliteremka mbio nikipiga sufuria kwa mwiko. Watu walikuwa tayari milangoni, maji yanawafika vifundoni. Walipanda wote, na watoto na ng'ombe wawili. Wote isipokuwa Jotham, aliyekuwa anapandisha mbegu darini, na mzee Coe.

Nilimvuta Coe mkono. Nikamwambia sikioni, twende.

"Kapteni anabaki?" akauliza.

"Kapteni ni mpumbavu!"

"Eh?"

"Anabaki!"

"Basi nami nabaki nimsaidie magunia."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani siku tatu. Ningesema "hapana, Kapteni anakuja". Neno moja la uongo. Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa nimejaa ukweli.

Jumapili kulipopambazuka hapakuwa na Efeso. Palikuwa na ziwa linalotembea, vichwa vya miti vimetokeza. Nyumba ya Pell ilikuwa inazunguka polepole penye soko. Yetu haikuwepo. Kwenye ule mti mweupe, juu kabisa, tuliona kitu cheusi. Enos akasema ni dubu. Kile kitu kikainua mkono.

Enos alijaribu kwenda kwa mtumbwi mara mbili, mara mbili maji yakamtupa kwenye vichaka. Na Dorcas alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, pengine kwa hofu. Kibanda kilikuwa kinavuja, na kuni zote za msituni zilikuwa zimelowa hadi kiini. Kitu kikavu kilikuwa kimoja tu: hori za Benigna, ishirini na sita, zimepangwa vizuri kwenye kona iliyositirika. Nilizipasua mwenyewe kwa shoka. Nilizichoma moja baada ya moja mpaka mtoto akatoka. Ni msichana. Alikuwa wa buluu kidogo, nikamkanda, akalia.

Jumatatu mto ulipungua nguvu. Enos alimfikia Jotham saa sita mchana. Ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja kutoka kwenye tawi.

"Coe yuko wapi, Kapteni?" Enos akamwuliza.

Jotham alijibu walipofika nchi kavu, mbele ya watu wote. "Paa lilipasuka tukiwa juu yake. Alikuwa amenishika mkono. Nilimwachia nipate kushika tawi."

Dorcas, amelala na mtoto kifuani, ndiye aliyesema kwanza: "Msogezeni motoni. Anatetemeka."

Leo asubuhi tumemwona mzee Coe, mwendo wa nusu saa chini ya mto. Milango yake miwili ilikuwa imenasa kwenye vichaka karibu naye. Tumemzika ndani ya milango hiyo, maana mbao nyingine hatuna.

Jumatano, 6 Aprili

Jua. Jotham hali chakula.

Alhamisi, 7 Aprili

Jua. Amekunywa mchuzi.

Jumamosi, 9 Aprili

Tope linanuka. Mabaki mapya ya nyasi yamenasa kwenye matawi ya ule mti mweupe. Nilikwenda kupima. Yale ya zamani yako juu zaidi ya haya kwa futi tatu. Yaani mto haukuja wote.

Sikumwambia mtu.

Jumatatu, 11 Aprili

Jotham alinijia nikifua nepi. Amekonda, ndevu zimechanganyika na mvi ambazo sikuziona mwezi uliopita.

"Ulimwuliza vipi yule mwanamke?" akasema.

"Kama ninavyouliza watu wote. Nilifungua mdomo."

"Mimi nilipita karibu naye. Hatua tatu hivi." Akaketi kwenye gogo. "Nimeuona huu mto miaka miwili, nikaupima, nikauchora. Sikuuliza mtu hata mmoja."

Kisha aliita watu wote akawaambia aliyokosa, bila kupamba. Aliwaambia asiyetaka kumfuata tena aende, na atamsaidia kubeba mizigo. Familia moja imesema itakwenda. Enos akasema yeye hana mizigo, mto umemrahisishia, kwa hiyo anabaki.

Nimeandika mengi mabaya juu ya kaka yangu. Na hili liandikwe pia: sijamwona mtu akisimama wima namna ile.

Jumatano, 13 Aprili

Jotham ameokota mnyororo kwenye tope. Ameusugua kutwa.

Ijumaa, 15 Aprili

Wanapima kilima. Mji utakuwa huku juu, salama. Watu wanaimba. Nami niliimba.

Jumamosi, 16 Aprili

Leo nimekiona kigingi. Kimepigiliwa katikati ya jivu la moto wa Benigna.

Nilikitazama muda mrefu. Mahali hapa tumepajua kwa sababu mimi nilimwuliza mtu kwa nini anakaa hapa.

Jumapili, 17 Aprili

Tumebishana baada ya sala. Jotham anasema sheria inatupa ardhi hii, juu na chini, na mkataba umewaachia Walenape kuwinda tu na kupita. Nikamwuliza, wanapitaje katikati ya kanisa?

"Unataka niwarudishe watoto hawa bondeni?" akaniuliza.

Sitaki. Hapo ndipo shida ilipo. Nilimwambia nataka miti ya sukari isiguswe. Upande wote wa mashariki wa kilima, na njia yao ya kwenda mtoni.

"Hizo ni ekari arobaini."

"Chora."

Alichora. Mstari mmoja kwenye ramani, na maneno: *Hapauzwi*. Nilisimama nyuma yake mpaka wino ukakauka.

Jumatatu, 25 Aprili

Kazi zilizofanyika: nyumba mbili, paa moja. Mbegu za magunia yale mawili zimeanza kuchipua.

Jumanne, 3 Mei

Enos amekata miti miwili ya sukari kwa ajili ya boriti. Alikuwa hajaiona ramani. Aliomba radhi, nami naamini. Lakini miti haijui kwamba ameomba radhi.

Jumamosi, 14 Mei

Benigna amekuja na wapwa zake wawili.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa anatoka kwenye njia ya mtoni, anapanda taratibu, kisha akasimama. Mbele yake palikuwa na nyumba tano, na nguo za watoto kwenye kamba.

Nilimkimbilia. Nilianza na hori, maana ndizo zilizokuwa zinanichoma zaidi. Nilimweleza kila kitu: mvua, uchungu wa Dorcas, shoka.

"Mtoto yupo?" akauliza.

Dorcas akamleta. Benigna alimkagua kama mtu anayekagua kazi ya mkono, akambinya mguu. "Basi hori zimefanya kazi. Hori huchongwa tena."

Kisha akaigeukia kambi yake. Akatembea mpaka kwenye kigingi, akakisukuma kwa mguu. Hakikutikisika.

"Uliniuliza kwa nini tunakaa juu," akasema. "Nikadhani unauliza tu."

"Nilikuwa nauliza tu."

"Najua. Ndiyo maana nilijibu."

Nikamwonyesha ramani. Nikamwonyesha ule mstari, na maneno, na njia. Aliifuata mistari kwa kidole, yote, hata barabara ambazo hazijakuwepo.

"Karatasi hii anaitunza nani?"

"Kaka yangu."

"Na akifa?"

Jotham alikuwa amesimama karibu, kofia mkononi. Hatimaye akasema, "Bibi, maji yale ya zamani, yalifika wapi?"

Benigna alimtazama kwa mara ya kwanza. Akaonyesha kwa kidevu mahali nusu ya mteremko, juu ya nyumba mpya ya Pell, iliyo chini kuliko zote.

"Asante," Jotham akasema. Akaenda moja kwa moja kwa Enos, wakaanza kuzungumza wakiitazama nyumba ile.

Wapwa walibeba sufuria. Benigna alikuwa ameshageuka kuondoka, kisha akarudi hatua chache.

"Februari utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Basi uwe umesimama pale kwenye miti, wewe mwenyewe, nikikaribia nikuone. Nikiona mtu mwingine kwanza, sipandi."

Jumapili, 15 Mei

Mawingu, hakuna mvua. Baada ya sala nilimwambia Jotham kwamba nimechagua kiwanja changu. Nakitaka nje ya mji, ukingoni mwa miti ya sukari, mlango utazame njia ya mtoni.

"Hapo hakuna barabara, Kezi. Utaishi peke yako."

"Najua."

"Enos alitaka kukujengea karibu na kanisa. Wamepanga na Dorcas. Wanakuhitaji karibu."

"Watakuja kuniita. Si mbali."

Alikuna ndevu. Nilidhani ataanza habari ya sheria, au ya wanawake wanaokaa wenyewe. Akauliza tu, "Utataka mlango wa upana gani?"

Nikamwambia. Akachukua mnyororo, nami nikashika ncha ya pili.